Maelezo ya Babu Toroli Kuhusu Farasi Mchanga na Kamba Iliyoachiwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Watu wote wananiita Babu Toroli. La kwenye kitambulisho afande ameshaliweka jaladani, na ni refu bure.
Umri: Miaka sabini na kitu. Hicho kitu tusikichokonoe.
Kazi: Mtunza zizi la farasi. Nalisha, naosha, nazoa mavi.
Makazi: Chumba nyuma ya ghala la majani, hapo hapo zizini.
Uhusiano na mtuhumiwa: Babu yake mzaa mama.

Nimeelezwa na afande kwamba nitakayosema yanaweza kusomwa mahakamani, na nikidanganya nitashtakiwa mimi. Nimeelewa. Nimeombwa pia nisitanie. Hilo nitajaribu ila siahidi, maana mimi nikiogopa ndipo ulimi unaponiwasha, na leo naogopa sana.

Mtuhumiwa ni mjukuu wangu. Pale kazini anaitwa Mwalimu kwa sababu anafundisha farasi. Mimi namwita mke wangu, kama babu yeyote, na nimemwomba afande aandike kwamba huo ni utani, isije ikaonekana nimekuja kumtetea mke. Yuko chumba cha pili hapa kituoni. Nikinyamaza namsikia anakohoa.

Mwenye zizi, ambaye inadaiwa Mwalimu alimwachia farasi makusudi aumie, ni mfanyabiashara wa vigae, sisi tunamwita Tajiri. Mwezi wa nne alinunua farasi jike mwenye miaka mitatu, tukampa jina la Bi Harusi kwa jinsi anavyoinamisha macho akipita mbele za watu. Mwalimu akaanza kumfundisha mwendo wa adabu, ule ambao farasi anatembea, anasimama na kugeuka kwa ishara ndogo ambazo mtazamaji hazioni. Mimi huwa nasema ni kumfundisha farasi kusikia kwa ngozi.

Afande amenitaka nieleze mafunzo hayo, kwa kuwa kesi imo humo. Farasi mchanga kwanza anazoeshwa chuma cha mdomoni, hatamu, na tandiko tupu. Halafu anafungwa kamba ndefu puani, mwalimu anasimama katikati ya uwanja, farasi anamzunguka kama ng'ombe wa kinu, anajifunza sauti. Baadaye ndipo mtu anakaa mgongoni. Mtu huyo akimbana farasi ubavuni kwa miguu yote miwili, maana yake nenda. Akizidi kubana, maana yake ongeza. Akitaka kusimama anajikalisha mzito, anashusha pumzi, anafunga vidole kwenye hatamu. Bi Harusi somo la kwenda alikuwa amelishika barabara. La kusimama alilijua kwa Mwalimu tu, tena akisikia sauti yake. La kugeuka alikuwa bado analitafuna.

Mnamo tarehe kumi na nne mwezi huu, siku ya Alhamisi, asubuhi, Tajiri alishuka kutoka nyumbani kwake akiwa amevaa viatu vipya vya kupandia. Vilikuwa vinalia kama bata. Alimwambia Mwalimu kwamba Jumamosi atakuwa na wageni, na anataka kupita mbele yao juu ya Bi Harusi. Mwalimu alimjibu kwamba farasi hayuko tayari, hata miezi mitatu mingine haitoshi. Tajiri akasema yeye alipanda farasi kabla Mwalimu hajaota meno. Ni kweli alipanda. Alimpanda yule mzee wetu mwenye mgongo wa kitanda, ambaye ukimwacha anasinzia na wewe ukiwa juu.

Wakabishana. Mwishowe Tajiri akamwambia kwamba mwisho wa mwezi akabidhi funguo, atatafuta mwalimu asiyejifanya mke mwenza. Mwalimu akamwacha pale. Alikuja bandani nilipokuwa nachanganya pumba, akasema maneno ambayo mpishi wa Tajiri aliyasikia kupitia dirishani, na najua ameshayaleta hapa. Alisema hivi: "Ipo siku huyu farasi atamtupa, na mimi nitasimama nimwangalie."

Ndiyo, alisema. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo na afande sasa hivi. Nilimwambia ulimi hauna mfupa, mke wangu, lakini unavunja mifupa, akatema mate akaondoka. Ningeweza kusema mpishi alisikia vibaya. Mpishi huyo anatia chumvi kwenye chai, nani angemwamini? Lakini mjukuu wangu wakati anapandishwa gari la polisi alinigeukia akaniambia, "Babu, usinipambe. Sema yote." Basi nasema yote, na kila neno linanipita kooni kama mwiba wa samaki.

Ilipofika kama saa nne Tajiri alirudi akaagiza farasi atandikwe. Mwalimu alimwambia atampanda kwa sharti moja, farasi abaki kwenye kamba. Mimi nilimvuta pembeni nikamuuliza kwa nini anakubali. Akasema akikataa Tajiri atapanda jioni yeye akiwa hayupo, na hapo hapatakuwa na kamba wala mtu. Tajiri aliomba glavu, kwa sababu hatamu zilikuwa mpya na zinakwaruza. Mwalimu akavua zake akampa. Yeye akabaki mikono mitupu.

Sasa naomba afande aandike vizuri nani alisimama wapi. Mwalimu alikuwa katikati ya uwanja na kamba. Mke wa Tajiri alikuwa barazani kwao, upande wa nyumba. Mimi nilikuwa ng'ambo ya pili, nje ya lango la uwanja, na toroli langu, naokota mavi, kazi yangu rasmi. Mpishi alikuwa jikoni. Mtu mwingine hakuwepo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Upande wangu nilikuwa peke yangu, na mimi ni babu yake.

Tajiri alipanda vizuri. Mzunguko wa kwanza Bi Harusi alitembea kwa heshima, akizunguka mkono wa kulia, na Tajiri akampungia mkewe. Mzunguko wa pili farasi alipiga chafya. Chafya tu, afande. Tajiri akashtuka, na mtu mzito akishtuka juu ya farasi hufanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya, anakumbatia kwa miguu asianguke. Akambana. Bi Harusi akasikia nenda, akaenda. Tajiri akaogopa zaidi, akabana zaidi, Bi Harusi akaongeza. Huku chini anaambiwa ongeza, huku mdomoni anavutwa. Mtoto ambaye baba anamwita na mama anamfukuza hukimbilia mlangoni, na farasi naye akakimbilia lango, nilipokuwa mimi.

Mwalimu alimwambia Tajiri alegeze miguu. Alisema mara nyingi, kwa sauti ya chini, kwa sababu ukipiga kelele farasi anadhani ni yeye anayefokewa. Tajiri hakusikia kitu. Uso wake ulikuwa rangi ya jivu.

Karibu na lango farasi aligeuka kwa nje, akampa Mwalimu mgongo, akaanza kurudi alikotoka. Hapo kamba ikabaki upande wangu. Ilitoka puani kwa farasi, ikapita juu ya paja la kulia la Tajiri, ikazunguka matako ya farasi hadi mkononi kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa anailegeza ipite, inakimbia kwenye viganja vyake vitupu, anamwambia Tajiri atoe mguu. Tajiri alibana tu. Kamba ikaisha. Ikakaza. Nikaiona inazama kwenye suruali juu ya goti, mguu unavutwa nyuma, na farasi anaanza kukalia miguu yake ya nyuma kwa sababu pua imevutwa. Nimeona farasi akianguka chali na mtu mgongoni, na sitaki kueleza kinachobaki.

Katika kazi yetu kuna neno moja ambalo hata mzoa mavi anafundishwa siku ya kwanza. Kamba yenye mtu ndani haishikwi.

Mwalimu akafungua mkono.

Mke wa Tajiri ameandikisha kwamba aliuona mkono huo ukifunguka, tena kwa makusudi, wala kamba haikumponyoka. Hakusema uongo. Hata mimi niliuona. Ulifunguka kama mtu anayemwaga nafaka. Lakini yeye alikuwa upande wa kushoto wa farasi, na kati yake na lile paja la kulia palikuwa na farasi mzima. Aliona mkono, hakuona mguu. Ningekuwa mimi barazani, na huyo ni mume wangu, ningesema hivyo hivyo, pengine na matusi juu.

Kamba ilipolegea farasi aliinuka akatoka shoti. Kwenye kona ya chini Tajiri alianguka ubavu wa kushoto, na nyonga ikavunjika. Ililia. Bi Harusi akazunguka kwa mbio kuja pale pale alipolala. Mwalimu alisimama wima, akashusha pumzi, akasema "Hooo", neno la darasani. Farasi akasimama kwato moja ikiwa bado hewani, juu kidogo ya kichwa cha Tajiri, akairudisha nyuma polepole. Aliyetaka kusimama amwangalie mtu akifa asingelisema neno lile.

Mimi nilifika kwa Tajiri wa pili, baada ya Mwalimu. Nikamwambia bosi usilale hapa, wageni ni Jumamosi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mkewe aliyasikia na amekasirika, ana haki.

Afande ameniuliza kwa nini aamini maelezo ya babu kuhusu mjukuu wake. Nimekaa nalo swali hilo tangu jana. Shule niliishia darasa la tatu, mimi na mwalimu wangu tulichokana kwa pamoja, lakini najua neno langu hapa ni pumba. Asiliamini. Aangalie kwanza viganja vya mjukuu wangu. Ngozi imetoka. Kamba haichuni mkono ulioiacha mapema. Halafu apige simu hospitali. Nilikwenda jana wakanizuia mlangoni, lakini nilimwona Tajiri amelala amefunikwa, na wote wanahangaika na mguu wa kushoto. Mtu afunue wa kulia, juu ya goti. Kama kuna ngozi safi pale, mimi ni mwongo, na nifungwe naye.

Sina jingine. Niliyoyaona ndiyo haya maelezo yangu, nimesomewa nikayatambua. Ya utani mengine afande ameyaandika, mengine amekataa.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika maelezo haya kadiri shahidi alivyotamka, nikamsomea. Viganja vya mtuhumiwa nimevikagua, vyote viwili vimechunika. Kisha nilipiga simu wodini. Muuguzi wa zamu alisema mguu wa kulia wa majeruhi haujakaguliwa kwa kuwa hakuulalamikia, na suruali ilikatwa upande wa kushoto pekee. Aliomba muda. Alipopiga baadaye alisema juu ya goti la kulia kuna mchubuko mmoja unaopita paja lote mpaka nyuma, upana wa kidole gumba. Nimeomba daktari auingize katika taarifa yake. Mtuhumiwa atabaki hapa hadi majeruhi aweze kuhojiwa. Nilimweleza shahidi habari ya muuguzi. Hakutania. Aliuliza kama mtu mwenye viganja vile anaweza kushika kijiko. Nikasema sijui. Nikamruhusu aingie kumlisha.