Fomu za Ijumaa ya Mazishi

Jumatatu, 3 Machi
Mafaili ya zahanati ya Soy tena. Chai imepoa nikiwa faili la pili. Kazi yangu katika ofisi ya kamati ya maadili ni hiyo: kuhakikisha kila mtu aliyeingizwa kwenye utafiti alielezwa, akaelewa, akakubali mwenyewe. Huu ni wa dawa mpya ya presha kwa wajawazito. Wengine wanapewa dawa yenyewe, wengine vidonge visivyo na kitu, na mama hajui amepata ipi.

Fomu zote zimejazwa na Jeruto. Nimefurahi kuona mwandiko wake. Yeye ndiye alinifundisha kazi hii, miaka ile tukiwa naye zahanati moja. Geuza fomu, mwangalie mama, mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe amekubali nini. Akishindwa, anza upya. Hata foleni ikifika barabarani.

Jumanne, 4 Machi
Fomu nne zina tarehe ya 10 Januari. Kidole gumba cha mama, halafu sahihi ya Jeruto kwamba alikuwepo na alieleza yote.

Tarehe 10 Januari tulimzika mama yangu, kwetu kijijini, Moi's Bridge. Jeruto alifika asubuhi na mapema na sufuria zake. Kaburini nilianza kuanguka. Akanishika kiuno mpaka udongo ukajaa. Aliondoka wa mwisho, vyombo vyote vimeoshwa.

Hakuwa Soy. Haiwezekani.

Nimefunga faili nikatembea mpaka nyumbani, mtaa wa West Indies. Sijapika.

Jumatano, 5 Machi
Labda alikosea tarehe. Nimejiambia hivyo asubuhi nzima. Fomu nne? Aki, mimi si mtoto.

Nikampigia. Hakukana. Alisema aliomba ruhusa akanyimwa, kwa sababu ruhusa ya mazishi ni ya jamaa wa damu, na mama yangu hakuwa mama yake. Akaja tu. Ijumaa ndiyo siku ya kliniki. Nesi akawapanga wamama wakaweka vidole, wakapewa vidonge wakaenda. Jumatatu Jeruto akajaza yaliyobaki. Alinuia kuwaeleza wakirudi. Kazi ikamzidi, siku zikapita.

Nilikuwa nangoja aniombe nifiche. Akasema, "Fanya vile nilikufundisha." Akakata simu.

Nimemkasirikia kwa hilo neno. Angeniomba, ningekuwa na kitu cha kumkatalia.

Ijumaa, 7 Machi
Soy. Vumbi mpaka kwenye meno. Niligeuza fomu, nikauliza. Watatu walisema walipewa dawa ya presha na daktari, basi. Hakuna aliyejua ni utafiti. Hakuna aliyejua angeweza kukataa.

Wa nne ni Mama Faith. Mimba yake ilitoka Februari. Daktari wa utafiti ameandika kwamba si vidonge vilivyosababisha, na huenda ni kweli. Nilimweleza yote, polepole. Alikunja leso, akaikunjua.

"Si mngeniuliza tu," akasema.

Nililia pale pale kwenye benchi. Aliyenibembeleza ni yeye. Aibu gani hii.

Jumamosi, 8 Machi
Sikutoka nyumbani. Angebaki kazini siku ile, wale wamama wangeulizwa. Na mimi ningeanguka kaburini mbele ya watu. Nachagua nini hapo? Bora ningeanguka. Leo nasema ningeanguka. Siku ile singesema hivyo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepeleka ripoti. Mwenyekiti aliuliza nimejuaje kwamba Jeruto hakuwa Soy. Nikatoa picha ya mazishi. Mimi kaburini, mikono ya Jeruto kiunoni mwangu. Aliiangalia, akavua miwani. Akasema nisiliguse tena faili hilo, wengine watalimaliza. Picha ikabaki humo.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tulikariri hiyo shuleni. Hakuna aliyetuambia umfanye nini rafiki huyo baadaye.

Alhamisi, 27 Machi
Jeruto amefutwa kazi. Wamama wameelezwa upya, safari hii sawasawa. Wawili wamejitoa kwenye utafiti. Haki yao. Habari za Mama Faith zimepelekwa kwa madaktari wengine, wasiohusika na utafiti, wazichunguze.

Ofisini wote wananiambia nilifanya vizuri. Wananiletea chai kama mfiwa. Nimempigia Jeruto mara tano leo. Hashiki.

Jumapili, 13 Aprili
Mvua imefika. Moi's Bridge wanapanda mahindi kila upande. Nilienda na jembe kupalilia kaburi la Mama, nikakuta limepaliliwa. Kaka yangu akaniambia Jeruto huja kila Jumapili baada ya kanisa, tangu Januari. Kwao ni ng'ambo ya barabara tu. Nikauliza mbona hawakuniambia. Akasema walidhani najua.

Nikakaa kwenye nyasi nikamngoja. Akaja na jembe lake begani. Amekonda. Tukasalimiana kama watu waliokutana kwenye posho mill, kila mtu akingoja unga wake.

Alianza na magugu ya pembeni. Baadaye, bila kuinua macho, akauliza, "Kwa ile ripoti, uliandika nilikuwa wapi?"

Nikamwambia niliandika. Kwamba alikuwa kwa mazishi ya mama yangu. Kwamba aliyeshikwa kiuno kaburini ni mimi.

Akaitikia kwa kichwa. Akapalilia upande wa kichwani, mimi wa miguuni. Tulipomaliza alipangusa jembe kwa nyasi, akavuka barabara akaenda kwao.

Sikumwita.