Pamba Iliyolaliwa Msibani

Kasoli, 20 Agosti 1994

Dada yangu Minza,

Mwangaluka, dada. Mimi mzima, isipokuwa sauti imekauka kwa kusema. Miguu yako bado inavimba?

Nimeandikwa kugombea udiwani hapa Kasoli. Usicheke. Mwaka jana nilikuwa naongoza wanawake wa kikundi chetu cha kupalilia; sasa vyama ni vingi, na chama changu kinasema hakina mwingine anayesimama mbele ya watu bila kutetemeka. Jembe langu liko nyuma ya mlango tangu mwezi wa sita.

Naomba kitu kimoja. Niazime ile kaniki uliyoivaa msiba wa shemeji Mayala. Asubuhi kuna baridi na yangu imechanika. Mpe Mhoja, yule anayezunguka na lori la wanunuzi wapya wa pamba.

Mdogo wako,
Nyanjige

Mkula, 27 Agosti 1994

Mdogo wangu Nyanjige,

Miguu inaendelea vizuri, asante kwa kuuliza. Nimefurahi, na nimeona wivu kidogo, nisikufiche. Tulipokuwa wadogo baba alitugawia matuta. Nilimaliza yangu kabla yako, na ukasifiwa wewe kwa sababu ulikuwa unaimba.

Kaniki hiyo uishike taratibu. Tangu nitoke matangani imekaa sandukuni pamoja na kofia ya Mayala.

Dada yako,
Minza

Mkula, 2 Oktoba 1994

Nyanjige,

Sikuulizi afya, Mhoja ameniambia unanenepa.

Ameniambia pia unachosema jukwaani ukiwa na kaniki yangu. Kwamba mumeo alikufa pamba ikiwa imejaa ndani kwa kuwa lori la ushirika halikuja, waombolezaji wakalala juu ya pamba hiyo siku nne, na ulipoifikisha kituoni karani wa mizani akasema ni fifi, chafu, daraja la pili. Na kwamba ukamjibu, "Andika fifi. Lakini ishike kwanza kwa mikono miwili. Imelaliwa na watu waliomlilia aliyeilima."

Mhoja akasema, "Mama, uwanja mzima ulilia. Kumbe mlifiwa wawili mwaka mmoja?" Nikamwambia ndiyo. Nilikusitiri, nikaona aibu.

Mimi niliposema maneno hayo hakulia mtu. Karani aliandika fifi, akaita, "Mwingine."

Umetaja hata Mayala alivyokuwa akinipuliza nyuzi za pamba zilizonasa kwenye nyusi. Hilo nilikuambia wewe peke yako, tukichambua choroko. Sasa wanawake wa Kasoli wote wanalijua. Nakuonea wivu machozi yao, Nyanjige. Yalikuwa yangu.

Mkutano wako wa mwisho ni tarehe kumi na tano. Waambie mwenyewe mume huyo alikuwa wa nani. Usipowaambia, usiniite dada tena.

Minza ng'wana Mayige

Kasoli, 3 Novemba 1994

Dada Minza,

Mwangaluka. Natumaini bado unapokea salamu zangu.

Unajua mume wangu Novatus alikwenda machimboni Geita miaka sita iliyopita. Mjane watu humpa kiti. Aliyeachwa huulizwa amefanya nini. Nilikaa matangani kwako siku nne, nikaona watu wanavyokushika mkono kwa mikono miwili, nikakuonea wivu hata msiba. Ndivyo nilivyo.

Tarehe kumi na tano niliivua kaniki mbele yao. Nikasema, "Mayala alikuwa mume wa dada yangu. Wangu yu hai, ila haandiki." Wakacheka. Mama Benedikta, aliyekaa mbele kabisa, akauliza, "Kwa hiyo tumelia bure?" Nikasema, "Hapana mama, mmemlilia mtu wa kweli. Ila pole mlimpa asiyefiwa."

Wengine wakainuka wakaondoka. Halafu mwanamke mmoja nyuma akasema, "Wangu naye yuko Geita." Na mwingine. Na mwingine.

Nimeshinda kwa kura kumi na tisa. Kaniki narudisha na Mhoja. Nimeifua kwa sabuni nzuri na kuipiga pasi.

Mdogo wako, kama bado,
Nyanjige

Mkula, 12 Novemba 1994

Mdogo wangu,

Huku mvua imeanza, na miguu inaniruhusu kulima nusu siku. Wewe pumzisha hiyo sauti.

Nilitaka ukweli ule ukupunguzie kitu. Umekupa kiti. Nimekaa na wivu huo siku mbili niuache, umenishinda, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nao.

Kaniki imefika. Pindo lake lilikuwa limeshika nyuzi za pamba ya siku zile nne, sikuwahi kuifua. Nimeinusa, inanukia sabuni. Hukujua, maana sikukuambia.

Kabla hawajakuapisha huko Bariadi, njoo na jembe lako tulime matuta mawili matatu. Mimi nitamaliza kwanza, wewe uimbe. Jioni unieleze siku Novatus alipoondoka: alivaa nini, alisema nini akiwa mlangoni. Miaka sita, na sijawahi kukuuliza.

Dada yako,
Minza