Ng'ombe Kumi na Watano wa Debora

Shuleni, ng'ambo ya Ihumwa,
Dodoma.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Presha imetulia? Na ule mguu je? Mimi mzima wa mwili, ila moyo unanidunda, ndiyo maana mwandiko umepinda, usinicheke. Sabuni usihangaike kutuma tena. Tangu biashara ifunguliwe, hata katika duka la kijijini huku zimejaa.

Mama, yamenikuta. Wiki hii nilikuwa nawafundisha darasa la saba hesabu za kugawana sawasawa: idadi usiyoijua iite x, kisha itafute. Nikasema kila mmoja atunge hesabu ya nyumbani kwao. Debora, mpole na hodari kuliko wote, akaandika: "Baba ana ng'ombe kumi na wawili. Wakija wengine kumi na watano, kaka zangu watatu watapata wangapi wangapi?" Tatu x ni sawa na ishirini na saba, x ni tisa. Safi! Nikampa vema kubwa, nikalisomea darasa zima, tukampigia makofi. Kisha nikamtania, "Hao kumi na watano wataanguka kutoka mbinguni?"

"Ni mahari yangu, mwalimu. Wanaletwa Jumamosi."

 Mtihani wa taifa ni mwezi ujao! Na unajua nani alimpa hesabu hiyo? Baba yake mzazi, maana kwao ni Debora tu anayejua kugawanya. Mtoto amekaa na kalamu akajigawa mwenyewe, nami nikamshangilia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikaenda kwao na mwalimu mkuu. Mzee akatusalimu kwa heshima, Kigogo chao, "Mbukwenyi," akatutolea vigoda. Hakufoka hata kidogo.

"Mwalimu, vijana wangu wataoa kwa mahari gani? Wewe msomi, nionyeshe."

Nikamtazama mwalimu mkuu anisaidie. Mwalimu mkuu akakohoa tu.

Debora alikuwa pembeni anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Baba, nifanye tena bila wale wa Jumamosi?"

"Fanya."

"Ng'ombe kumi na wawili. Nne x. Kila mmoja watatu."

"Umekosea. Kaka zako ni watatu. Wa nne nani?"

"Mimi hapa, baba."

 Kaka yake mkubwa akainamisha kichwa. Mzee akamtazama bintiye, akamtazama tena, kisha akamgeukia mwalimu mkuu: "Mtihani wenyewe ni lini?" Nililia mbele za watu, wala sioni haya. Ya baada ya mtihani hakuahidi, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Nisalimie shangazi, na mjomba wa dukani, na mdogo wangu umwambie shule si mzaha. Niombeeni.

Nakomea hapa, mama. Leo ndiyo Jumamosi, ng'ombe hawakuja, na Debora amebisha hodi, ana penseli mkononi.

Mwanao,
Zuhura