Nimempiga Mkwe Wangu Uwanjani

Manika, Kolwezi

Kwa yaya Mwamba, kaka yangu mkubwa, huko Kabalo,

Barua hii ikufikie ukiwa umekaa, yaya, na kama umesimama basi kaa kwanza. Nakusalimu wewe uliyenilea tangu baba alipotuacha. Mama amelala vizuri siku hizi, au kifua bado kinamsumbua? Na mahindi ya upande wa mto, nguruwe pori wamewaachia kitu mwaka huu? Dereva wa treni aliniambia mvua zilichelewa huko kwenu, nikawaza sana juu yenu. Sisi huku tunapumua. Kazi ya karakana inaendelea, vumbi la mgodi tunalikula pamoja na ugali wa bukari kama kawaida, na mke wangu anakusalimu.

Sasa nisikuzungushe. Mwalimu Banza, yule kijana aliyemposa binti yangu Monga, nimempiga kwa chuma mbele ya uwanja mzima. Jicho lake la kushoto limepotea. Labda wasafiri wa treni wamewaambia kwamba ni wahuni waliomwumiza. Uongo. Ni mimi, mdogo wako.

Unamjua Banza kwa jina tu, ngoja nikueleze. Anafundisha hesabu kwenye chuo cha ufundi hapa Manika, ng'ambo ya barabara kutoka kambi yetu, na ndiye pia mwalimu wa timu ya mpira ya chuo hicho. Sisi watu wa karakana tuliwachukua vijana wale kuwa wetu, kwa sababu wanacheza mlangoni petu na wengi ni watoto wetu. Mimi nina kazi yangu uwanjani. Napiga pipa. Ni pipa la mafuta lililokatwa nusu, na nalipiga kwa kipande cha nondo chenye urefu wa mkono wangu. Nikianza kupiga, upande wetu wote unaimba. Watu wananijua kwa pipa hilo kuliko wanavyonijua kwa kazi.

Banza alikuja kuposa wakati wa mvua, pamoja na mjomba wake aliyetoka Lubudi. Walileta jembe na mbuzi wawili kama inavyotakiwa kwetu. Nililipokea jembe kutoka mikononi mwake mwenyewe. Nilipomkaribisha bia aliniita baba, akasema, "Tata, mi sikunywake pombe, usikasirike." Hakunywa, ingawa mjomba wake alimkanyaga mguu chini ya meza, nikaona. Usiku nilimwambia mke wangu kwamba huyu ni mwanaume, hayumbishwi na mtu. Nilimsifu kazini wiki nzima.

Lakini mpira, yaya! Huyo mtu mpira haujui. Anapanga timu kwa alama za darasani. Kipa wetu ni kipa kwa sababu ni wa kwanza katika hesabu, na mikono yake haishiki hata embe. Tukipata bao moja tu, Banza anawarudisha wote nyuma wakajibane golini kama kuku chini ya paa mvua ikinyesha, na hapo tunasubiri kuuawa. Hasimami, hapigi kelele, anakaa na daftari lake anaandika. Misimu mitatu tumeona hayo. Tulipotoka sare na vijana wa Fungurume, timu ambayo hata viatu haikuwa navyo, mpishi mmoja wa mgodini alijaribu kumtetea nikampiga kofi akaanguka juu ya sufuria ya mboga ya sombe. Hiyo ilikuwa mwezi wa kwanza. Utaona kwamba nilikuwa nimeanza zamani.

Tukafika fainali na chuo cha Likasi. Tulifika kwa miguu ya mtu mmoja, kijana anayeitwa Kisimba, mshambuliaji. Akishika mpira watu wanasimama. Sasa wiki ile ile Kisimba alikamatwa na karatasi ndani ya mkono wa shati wakati wa mtihani. Banza akasema hatacheza.

Hapo nilifanya kosa la kwanza. Unajua kwetu: mtu na mkwe wake hawabishani, hawali sahani moja, na neno gumu linapitia kwa mtu wa tatu. Mimi sikutuma mtu. Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya kambi nzima, bado nina koleo mkononi, nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake nikasimama mlangoni.

"Banza, Kisimba atacheza?"

"Hapana, tata. Aliiba mu egzame."

"Egzame ni ya shule. Mupira ni ya sisi bote."

"Nikimuacha, kesho batoto bote bataiba."

"Na tukipigwa?"

"Tutapigwa, tata."

Alisema hivyo kwa heshima, macho yakiwa chini, na heshima yake ndiyo iliyonichoma. Niliondoka bila kuaga. Njiani nilitukana miti.

Jumapili uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta wa chuo. Tulifunga bao kabla ya mapumziko, nikapiga pipa mpaka viganja vikatoa malengelenge. Kipindi cha pili Banza akafanya yale yale. Akawatoa washambuliaji wawili, akaingiza mabeki. Watu wakaanza kuita jina la Kisimba, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi na nguo zake za shule, analia. Mawe yakaanza kuruka. Moja lilimpata mshika bendera shingoni, akaondolewa. Ubao wa jukwaa letu uling'olewa vipande vipande. Mwenzangu wa karakana alikuwa ananipigia kelele sikioni, "Mukwe yako huyu! Mukwe yako anatuua!" Watu wote waliokuwa karibu waligeuka kunitazama mimi, siyo mpira.

Likasi wakasawazisha. Kisha kipa wetu akautema mpira mwepesi kabisa, wakafunga la pili. Mwamuzi akapuliza, ikawa mwisho.

Sitakuficha kilichofuata. Tulivunja kamba tukaingia. Vijana wa Likasi walikimbilia basi lao, nikasikia vioo vinavunjika kimoja baada ya kingine. Kipa wetu, mtoto wa watu, alipigwa mateke tumboni mpaka akatapika. Mtu mmoja alikuwa amemshika Banza kola na mwingine anampiga ngumi za mbavu, na yeye amebana daftari kwapani kama vile ataulizwa baadaye liko wapi. Niliwasukuma wale wawili wakaachia. Banza akaniona. Uso wake ukatulia. Alininyooshea mkono akasema, "Tata, nisaidie."

Yaya, alidhani nimekuja kumtoa pale. Mtu mwenye akili angemtoa. Mimi nilikuwa na ile nondo mkononi, nikampiga usoni. Akapiga magoti. Nikampiga tena kichwani. Na nikuambie yote ili usije ukasikia kwa mwingine: nilisikia raha. Kwa muda wa pumzi moja nilisikia raha kubwa, kama mtu aliyetua mzigo.

Monga alitoka sijui wapi. Alijilaza juu yake, na kwa pigo la tatu mkono ulikuwa umeshaanza kushuka. Lilimpata mwanangu mgongoni. Hakulia. Aligeuza kichwa akanitazama, na nondo ikaniponyoka. Wanawake waliokuwa wanauza karanga ndio waliombeba Banza kwenye mkokoteni mpaka hospitali.

Hospitalini daktari alilitoa jicho kesho yake asubuhi. Askari wa jandarmi walikuja kumwuliza nani alimpiga. Mimi nilikuwa nyumbani nimevaa viatu, nawasubiri. Hawakuja. Jioni Monga alirudi, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Alibaambia hakuona mutu." Ni maneno pekee aliyoniambia tangu siku ile. Ananipakulia bukari, anaweka maji ya kunawa, anaondoka. Mgongo wake una alama nyeusi, mama yake anaukanda kwa maji moto, na mimi natolewa nje wakati huo.

Banza hasemi uongo, yaya. Mtu aliyekubali kupoteza fainali kwa sababu ya karatasi moja ndani ya mkono wa shati. Nililala siku tatu na jambo hilo. Siku ya nne nilikwenda hospitali. Alikuwa amekaa kitandani, nusu ya kichwa imefungwa bendeji, anasahihisha madaftari ya wanafunzi akiwa ameyaleta karibu kabisa na pua.

"Jambo, tata," alisema.

Nilimwuliza, "Juu ya nini haukusema ni mimi?"

Alifunga daftari. "Monga iko na tata moja tu."

Na unajua nilichotaka kumjibu? Nilitaka kumwambia kwamba angemwingiza Kisimba tungeshinda. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Ndivyo nilivyo, na ninajichukia kwa hilo. Nililimeza neno hilo, nikasema "pole", nikatoka.

Wiki iliyopita mjomba wake alikuja tena kutoka Lubudi. Nilidhani amekuja kulidai jembe, nikawa nimeliosha nimeliweka ukutani tayari. Hakulitazama. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Jembe libakie," alisema. "Mutoto yetu anamutaka Monga kuwa bibi yake, na Monga anamutaka. Lakini mukono yenye kumwaga damu ya mukwe haitapana mutu binti, na haitapokea kitu. Sisi hatutakaa na weye."

"Basi nani atamupana?"

"Tafuta mukubwa wako."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia. Nilitegemea atoke anitetee, kwa sababu kwa kawaida mdomo wake haukosi kazi. Hakutoka. Na mimi sikubisha, kwa sababu mzee yule alisema kile ambacho wewe mwenyewe ungesema kama ungekuwa umeketi upande wake.

Kwa hiyo nakuomba, yaya. Ndoa ni mwezi ujao, watu wa kanisa wamekwisha kutangaza. Panda treni ya Kamina, shuka Tenke, ubadilishe, ukifika Kolwezi mke wangu atakungoja stesheni. Utakaa kwenye kiti changu. Utamshika Monga mkono, utawaambia wazee maneno ambayo nimekuwa nikiyapanga kichwani tangu alipokuwa anatambaa, na utasema kwa sauti yako, siyo yangu. Nimeomba zamu ya siku hiyo kazini. Walishangaa, kwa sababu hakuna mtu anayeomba zamu Jumapili. Ufundi wa bomba nitaufanya mwenyewe mpaka jioni.

Pipa nimewapa watu wa kambi. Timu imepata mwalimu mwingine, anayepiga kelele nyingi, wanasema atamchezesha Kisimba. Sijaenda kuona.

Unisalimie mama, lakini habari hii msomee kidogo kidogo, na ya mgongo wa Monga usimsomee. Unisalimie shemeji aliyenipa shuka nilipoondoka. Salamu kwa katekista aliyenifundisha kuandika, mwambie mwandiko bado ni ule ule mbaya. Salamu kwa mjomba fundi wa mitumbwi, na kwa dada yetu mjane, mwambie Monga bado anakivaa kile kitenge cha bluu alichompa.

Jambo moja la mwisho, yaya. Siku ya arusi watu watakuuliza baba wa Monga yuko wapi. Banza atajaribu kukuwahi, namjua sasa, atasema tata ana homa au tata yuko kazini. Usimwache aseme uongo wa pili kwa ajili yangu. Simama wewe, mbele ya Monga, uwaambie alimpiga mkwe wake kwa nondo akamtoa jicho, na ndiyo maana hayupo.

Ni mimi mdogo wako,

Kalenga, tata wa Monga