Hina ya Kuonana na Daktari

Jumatatu, 2 Desemba
Nimemwosha Bibi miguu. Kila asubuhi hivyo, tangu nimalize kidato cha nne. Ana sukari. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kina kidonda, alijikwaa shambani. Hasikii maumivu hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Hataki kwenda hospitali. Korosho zinaanguka, nani ataokota? Mjomba amepiga simu kutoka Lindi, amempangia daktari wa kuonana naye kwa video keshokutwa. Bibi kakubali haraka. Na mimi nimefurahi. Kule hospitali kuna dirisha la mapokezi, lazima useme kwa sauti watu wakikusikiliza.

Jumanne, 3 Desemba
Bibi anauliza kama huyo daktari ana mke. Nimemjibu anakuja kuangalia kidonda, si kuposa. "Wivu huo, mke mwenzangu," kaniambia. Ananiita hivyo tangu utotoni, kwa ajili ya marehemu Babu. Nampenda mno.

Jumatano, 4 Desemba
Siku mbaya.

Nimerudi kisimani, nikamkuta amepaka hina. Miguu yote miwili, mpaka kwenye kingo za kidonda. Eti mgeni aone miguu ya shamba? Haiwezekani. Nilishindwa kumgombeza. Nikaenda jikoni kulia.

Daktari ni mwanamke, tena kijana. Alimwamkia Bibi vizuri, kisha akaniambia nisogeze simu. Akauliza, ngozi ya pembeni imebadilika rangi? Yote ni rangi ya hina. Akasema ninuse. Nikanusa hina.

"Kwa simu siwezi kujua," alisema. "Mpeleke hospitali leo, aguswe. Mkichelewa anaweza kukatwa mguu."

Bibi akasema hina ikififia tutampigia tena. Simu ikakatika.

"Bibi, twende. Korosho zioze."

Sijawahi kumwambia hivyo. Alinitazama. Kisha akaniomba nimletee baibui.

Alhamisi, 5 Desemba
Tuko hospitali tangu jana jioni. Dirishani nilitaja jina lake, wakaniambia nipaze sauti. Nikapaza. Uso uliwaka moto, lakini nikapaza.

Daktari wa hapa ni mzee wa vidole vizito. Alibonyeza mguu taratibu, akakomea mahali palipokolea hina. Usaha ulikuwa umejificha chini ya ngozi. Wamepasua, wamesafisha. Kidole kimepona kukatwa, kwa bahati tu. Bibi akamwambia asijisifu, miguu hii ilipambwa kwa ajili ya daktari mwingine. Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

Jumapili, 8 Desemba
Mjomba ameuliza kuanzia sasa iwe simu au hospitali. Tumeelewana: majibu ya sukari tutamsomea yule dada daktari kwa simu, kidonda tutakileta hapa. Bibi alitaka kutia neno, usingizi ukamchukua kabla hajalimaliza.

Wodi imetulia. Nimekaa upande wa miguu yake, namfukuzia nzi. Nimeweka kiganja juu ya bandeji, pale alipobonyeza daktari. Jana palikuwa pa moto. Leo ni joto la Bibi tu.