Viatu Visivyo na Visigino

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha nyuma ya duka la viatu.
Jumapili jioni, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi na wanangu. Hamjambo? Mnaamkaje? Kifua cha yule mdogo kimepona, au bado anakohoa kila baridi ikiingia? Sisi huku tuko hai, tunamshukuru Mungu. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya, lakini tuko hai.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Barua hii nitampa dereva wa lori, yule jirani yetu mwenye kicheko kikubwa, nimemwapisha akuwekee mkononi mwako mwenyewe.

Kaka, nimechoka. Acha niliseme hilo kwanza nisije nikalificha katikati ya maneno mazuri. Asubuhi niko jikoni kule shuleni napigana na masufuria. Mchana nafungua duka la Baba ili watu wachukue viatu vyao vilivyobaki. Jioni namgeuza, namwosha, namlisha. Mgongo umegoma kabisa. Shemeji yako ananisaidia kadiri awezavyo, ila Baba hataki kuogeshwa na mkwe, na mimi sina nguvu ya kubishana naye. Mimi Chiriku wako, siku hizi hata maneno yameniishia, kwa hiyo ujue mambo yamefika pabaya.

Baba hatembei tena. Mguu wa kushoto umekufa ganzi na pumzi imekuwa fupi. Daktari alituita pembeni akasema tumrudishe nyumbani, tumtunze, tumpe anachokitaka. Hakutaja siku, na mimi sikumwuliza. Nadhani umeelewa.

Na anachokitaka, utacheka. Anataka asomewe Mathayo, mlango wa kwanza. Si mahubiri, si miujiza, bali ule ukoo: fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, kila jioni baada ya chakula. Majina yale yanavunja ulimi, Kaka. Juzi nilikuwa nasinzia, nikaruka watatu kwa mpigo nikijua kalala. Akafumbua jicho moja.

"Umemruka Yehoshafati. Mrudie. Kakukosea nini?"

Mimi nilidhani anajiandaa kwenda kwa wazee wake, ndiyo maana anataka habari za mababu. Baba Mkubwa naye alidhani hivyo hivyo, akafurahi, akaanza kuja kila Jumapili baada ya ibada kusikiliza. Unamjua yule kaka yake Baba akianza mambo ya ukoo. Ni damu, damu, damu, utadhani mwenye bucha.

Sijasahau alichokuambia kwenye kaburi la Mama, mbele ya watu wote, ulipoinama kuchota udongo. Kwamba usogee pembeni, wenye damu watangulie, kwa sababu Mama aliolewa akiwa tayari na mimba yako. Ndiyo ilikuwa mara yako ya kwanza kulisikia, udongo ukiwa mkononi. Jioni ile ile ukafunga sanduku, na hujakanyaga hapa tangu siku hiyo. Lakini Baba hakuwepo pale, Kaka. Alikuwa amezimia, wamembeba wamempeleka ndani. Aliambiwa kesho yake, wewe umeshaondoka. Mlango wa duka alikaa ameufunga wiki nzima.

Basi, Jumapili iliyopita Baba Mkubwa alikuja na Mchungaji. Mchungaji akatueleza vizuri kabisa kwamba ukoo ule uliandikwa ili tujue Mungu hakuisahau ahadi yake kwa Ibrahimu, na kwamba Masihi ilikuwa lazima atoke katika nyumba ya Daudi. Baba Mkubwa anaitikia kwa kichwa, mnaona, mnaona. Ndipo Baba akauliza kwa ile sauti yake ya kukwaruza, Yusufu, yule wa mwisho pale, yeye alimzaa nani? Mchungaji akaitazama Biblia yake tena, akatabasamu.

Nimeyasoma majina yale jioni kwa jioni na sikuwahi kuliona jambo hilo. Kila mtu pale ana "akamzaa" wake kuanzia Ibrahimu. Ukifika kwa Yusufu, basi. Anaitwa mume wa Mariamu. Mimba aliikuta. Lakini ni yeye aliyempa mtoto jina na kumlea chini ya paa lake, na kwa mlango huo mtoto akaingia nyumba ya Daudi, hata watu barabarani wakamwita Mwana wa Daudi. Safu yote ile ya kuzaa na kuzaa inaishia mikononi mwa mtu ambaye hakuzaa. Na Mungu akaona panatosha.

Halafu watazame na akina mama waliotajwa mle. Rahabu, kazi yake unaijua. Ruthu, mgeni wa kuja. Tamari, hayo yake na baba mkwe wake tuyaache. Ukoo ule ungepitia kwa Baba Mkubwa, nusu yao wangeambiwa wasogee pembeni. Nilimwambia hivyo hivyo usoni, Mungu anisamehe. Uchovu umenitoa adabu. Akatafuta kofia yake akaondoka.

Sasa sikiliza habari ya viatu. Unaikumbuka ile miguu ya mti juu ya rafu, ambayo Baba alituchongea ya kushonea viatu vyetu? Jinsi tulivyokua ndivyo alivyozidi kubandika vipande vya ngozi juu yake, ili mti ukue na sisi. Mwezi uliopita akaniagiza niishushe yako. Nikaipangusa vumbi. Amekushonea viatu, Kaka, vyeusi, vya kamba, akiwa kitandani na ubao mapajani. Mishono mingine imekwenda upande. Alikuwa akichoka ananipa mimi nivute uzi, halafu ananikaripia kwamba navuta kama mtu anayefunga mbuzi.

Baba Mkubwa aliviona. Akakigeuzageuza kimoja akasema mguu mkubwa namna hii katika ukoo wetu haupo.

"Upo," Baba akasema. "Ni wa mwanangu wa kwanza."

Viatu havina visigino. Unaujua utaratibu wake uliokuwa ukiwakera wateja: kisigino hakipigiliwi mpaka mwenyewe asimame ndani ya kiatu mbele ya fundi, kwa sababu kila mtu anakanyaga kivyake. Fundi wa mtaa wa pili alikuja kwa wema akasema atavimalizia. Baba alimfukuza, pumzi yenyewe hana. Viatu viko chini ya kitanda. Nyundo iko ubavuni mwake, analala nayo, na ukijaribu kuitoa anaamka.

Sasa niache nikugombeze kidogo, mimi ni mdogo wako lakini nimechoka. Mtu mmoja alisema neno moja kaburini, na wewe ukalichukua ukaliweka juu ya miaka yote ya Baba. Aliyekubeba begani kukupeleka shule kwenye matope ni nani? Aliyekupa jina lake ni nani? Mimi damu ninayo, na nilikuwa nakuonea wivu, kwa sababu ukiingia dukani Baba alikuwa anaacha kazi. Sijui damu ilinisaidia nini hapo. Nimekasirika na wewe, na nimekukumbuka mpaka najisikia kulia kwenye masufuria ya watu.

Njoo. Sikuombi kingine. Usisubiri mshahara, usisubiri likizo, usisubiri Baba Mkubwa akuombe radhi. Njoo usimame ndani ya viatu vyako wakati fundi bado yupo.

Wifi msalimie sana, na wanangu wote wawili, waambie shangazi yao hajawasahau. Shemeji yako anakusalimu. Mama Mdogo anakusalimu, magoti yake bado yanamsumbua. Baba Mkubwa hakunituma salamu, ila jana aliniuliza, akiangalia pembeni, basi la kutoka huko kwenu hufika saa ngapi. Zipokee hivyo hivyo.

Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, na wa Yusufu pia, akulinde njiani.

Ni mimi nikupendaye hata nikikugombeza,
Dada yako,
Chiriku

Nyongeza: Baba ameamka, ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia Kaka. Akasema nikuandikie uje na soksi zako za siku zote. Usinunue mpya, anasema, zitamharibia kipimo.