Zimwi Lenye Zipu

Neema mjukuu wangu,

Hatujambo hapa Randburg, Afrika Kusini. Goti la babu yako limetulia, siku hizi anashinda kwenye sukumawiki yake.

Unauliza mbona mama wa kanisa kama mimi anapenda filamu za kutisha za Waingereza, zile za kuchekesha, za pesa kidogo. Nilipokuja kusoma huku Johannesburg, mtaa wa Braamfontein, niliogopa kila kitu, nikafunga sanduku nirudi Nakuru. Jumamosi hiyo Wakenya wenzangu wa ushirika wa kanisa wakaweka filamu ya namna hiyo. Zimwi lilipochomoza niliruka, nikalikemea kwa jina la Yesu. Papo hapo likageuka, na mgongoni lina zipu! Walinicheka, nami nikacheka kuwashinda. Jioni nikarudisha nguo kabatini.

Mpaka leo, jambo likinitisha, kwanza nangoja ligeuke.

Nyanya yako